Nukta Nyeupe Juu ya Kilima cha Kwihara

Juzi mtoto wa marehemu dada yangu alikuja kunijulia hali, akatoa mkobani picha aliyoitia fremu mpya. Mwenzangu, niliitambua mara moja. Ni kilima chetu cha mawe pale Kwihara, na juu ya jiwe kubwa kuna nukta nyeupe, ndogo kama punje ya mtama.

Enzi hizo za Mwingereza, padri mmoja wa misheni alikuwa na kamera ya miguu mitatu, na alipenda kupiga picha vilima. Alisema kilima kikiwa peke yake, watu wa kwao watadhani ni lundo la kokoto; lazima asimame mtu juu, ndipo ukubwa uonekane. Akamchagua dada. Kila kitu dada! Dada ndiye aliyeonjeshwa asali kwanza, dada ndiye aliyeshonewa gauni jeupe la kipaimara, na sasa dada ndiye wa kwenda Ulaya ndani ya picha. Wivu ulinijaa hata matobolwa ya bibi, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, nikayaacha sahanini.

Siku yenyewe dada aliamka na homa. Bibi alikuwa ameshakwenda shambani. "Nenda kamwambie padri sitaweza," dada akanituma. Sikumwambia. Nilichukua lile gauni sandukuni, nikalivaa, nikazunguka nyuma ya kilima, nikapanda huku magoti yakichubuka na pindo likichanika. Padri alikuwa mbali kule chini, kwenye njia ya zamani ya wapagazi, kajifunika kitambaa cheusi. Alipopunga leso nikasimama wima, gauni likinipwaya, nikajiona mkubwa kuliko Tabora nzima.

Jioni homa ilikuwa imetulia, na bibi hakujua kitu.

Wiki kadhaa baadaye padri alileta picha, furaha tele. Kilima kilionekana kirefu ajabu. Kumbe mimi nilikuwa namfikia dada kifuani tu, basi jiwe nalo likaonekana limekua! Bibi akaisogeza machoni, akapiga kigelegele.

"Mjukuu wangu huyu! Mwoneni dada mtu alivyosimama!"

Nilimtazama dada. Alijua fika siku ile alikuwa kitandani. Akaniangalia, akaiangalia picha, kisha akampigia padri goti. "Asante, baba."

Nami ningekiri vipi, na pindo la gauni nililichana mwenyewe? Picha ikatundikwa ukutani, kila mgeni akaonyeshwa dada. Nikamwonea mtu wivu kwa mwili wangu mwenyewe, hebu fikiria. Hatukuwahi kulizungumza mpaka tulipomzika.

Bibi hayupo, nyumba yetu imebomoka, na kwenye ile njia ya wapagazi watu wamepanda karanga. Imebaki picha.

"Mama mdogo," mtoto wake akaniambia, "picha ya mama tunayo hii tu. Kila asubuhi namwamkia."

Ukweli ulinifika ulimini. "Mama yako alisimama vizuri," nikasema, nikamrudishia.

Lakini roho inaniuma hadi leo. Kila asubuhi shikamoo ni yangu, na marahaba anaitikia dada.