Makubadhi Kando ya Jeki

Ijumaa, siku za mwanzo za Aprili. Mvua ilipiga tangu alfajiri, ikakatika saa nne, jua likatoka na ardhi ikaanza kufuka mvuke. Hayo ndiyo niliyoyaandika daftarini siku ile. Yaliyofuata sikuyaandika, kwa sababu niliona haya. Skuli niliishia Fom Tu, kidato cha pili, basi utanisamehe nikikosea kupanga. Lakini jambo lenyewe limetokea, mtaani Kikwajuni, ubavuni mwa nyumba ninayolala, na sikuwa na homa wala sikuwa nimetafuna kitu cha kulevya.

Nyumba si yangu na gari si langu, niseme kweli tangu mwanzo. Vyote aliviacha Marehemu Haroub, mume wa kwanza wa mke wangu Zuhura. Nilimwoa Zuhura miaka miwili baada ya kumaliza eda. Marehemu hakunikosea lolote, sikuwahi hata kumwona. Lakini nilimwonea wivu, wivu wa kunikosesha usingizi. Hebu fikiri, utashindana vipi na mtu ambaye hakosei tena?

Jirani yetu Bi Pili ndiye aliyekuwa akinichoma. "Haroub gari hili hakumpa fundi hata siku moja," atasema akinipita. "Oili akibadilisha mwenyewe, kalala chini, na Zuhura kasimama mlangoni anacheka mpaka anaporomoka kukaa. Wewe mwanangu, hata upepo wa tairi wenda kutiliwa."

Kwa haki, Bi Pili hakuwa na ubaya. Alikuwa anakumbuka tu. Lakini kicheko hicho cha kukaa chini mimi nilikuwa sijapata kukisikia. Zuhura alicheka na mimi, sisemi hakucheka, ila kwa adabu, kama mgeni.

Basi nikaazimia kubadilisha oili mwenyewe. Nikachagua saa ya sala ya Ijumaa, wanaume wote wakiwa msikitini, nisionwe nikishindwa. Zuhura alikuwa sokoni Darajani kununua samaki. Ndiyo, niliacha Ijumaa kwa ajili ya wivu. Nalikiri hilo kabla hujaniuliza.

Nikawasha injini kidogo oili ipate joto, nikazima, nikainua gari mbele kwa jeki, nikasukuma karai, nikajiingiza chini kwa mgongo. Kitu kimoja sikufanya: sikuweka matofali. Ardhi ilikuwa laini kwa mvua, na mimi nimelala chini ya jeki moja.

Nati ya kutolea oili ikanikataa. Spana kumi na nne, niliyoambiwa dukani, haikuingia kabisa. Nikiwa nahangaika nayo nikasikia, "Assalaamu alaikum."

Ukiwa chini ya gari humwoni mtu, unaona miguu. Niliona pindo la kanzu na makubadhi ya ngozi, la kushoto ukanda wake umeshonwa kwa waya mwekundu wa umeme. Nikaitikia salamu.

"Nati hiyo si yake ya asili," akasema kwa upole. "Inataka kumi na saba."

Spana ikasukumwa mpaka mkononi mwangu. Ikaingia barabara. Oili ikaanza kumwagika ndani ya karai, nyeusi tititi.

"Umeweka matofali?"

"Sikuweka."

Mguu mmoja ukapanda juu ya mkono wa jeki, ukatulia pale. Hotuba ya msikitini ilikuwa inasikika kwa mbali. Kisha akauliza, "Zuhura siku hizi anacheka?"

Niamini, mwili wangu ulijua kabla ya akili. Waya ule mwekundu nilikuwa nimeuona siku nyingi. Makubadhi yale ni ya Haroub, yamo sandukuni, chini ya kitanda ninacholala, na Zuhura hajapata kukubali yatolewe.

Ningejibu nini? Nikisema anacheka, jeki ile pale chini ya mguu wake. Nikisema hacheki, nitakuwa nimemzulia mke wangu, na hicho kidogo nilicho nacho nimekitupa. Na katika sauti ile nilisikia kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa na wivu. Wivu kama wangu mimi, naujua ulivyo.

"Anacheka," nikasema. "Lakini kile kicheko cha kukaa chini, mimi sijakiona."

Oili ikawa inadondoka tone tone. Mguu ukateremka kwenye jeki, makubadhi yakaondoka. Nikasikia kuku wanapiga kelele uani. Kisha tofali likasukumwa chini ya gari upande wa kulia, na jingine upande wa kushoto.

"Jeki peke yake usiiamini," akasema. "Zuhura sasa ana mtu mmoja tu."

Nikarudisha nati, nikaikaza. Ndipo jeki ilipozama kwenye tope, ikalala ubavu, gari likashuka kwa kishindo na matofali yakalidaka. Baina ya kifua changu na chuma pakabaki upana wa kiganja.

Nilipojikokota nje hapakuwa na mtu. Kwenye tope nyayo zilikuwa zangu peke yangu. Nikaingia ndani, nikavuta sanduku. Makubadhi yamo, yamefungwa ndani ya kanga kama siku zote, na soli zake zina tope bichi.

Nikatoka, nikafunga filta mpya, nikatia oili, nikapima kwa kijiti chake. Zuhura akarudi. Matofali yale kumbe ndiyo yaliyokuwa yakizuia mlango wa banda lake la kuku, na kuku wote wako nje, wawili juu ya boneti.

"Nani kawafungulia kuku wangu?"

Nikasema mimi. Ni uongo, na nauandika hapa kama uongo. Nikaanza kuwakimbiza, oili mpaka masikioni, nikateleza nikakaa kwenye tope. Zuhura akashika mlango. Akaanza kucheka. Akaporomoka taratibu mpaka akakaa kizingitini, machozi yanamtoka, na Bi Pili akachungulia dirishani asiseme kitu.

Kicheko kile ni changu, au nimeazimwa? Mpaka leo sijui. Siku hizi naweka matofali manne, Ijumaa siikosi, na kila nikimaliza kubadilisha oili namwombea Haroub dua kabla sijanawa. Wivu haujaisha, nisikudanganye, ila najua hauko kwangu peke yangu. Zuhura sijamwambia. Labda ni huruma, labda ni choyo. Nikimwambia atajua nani aliyewafungulia kuku.

Wewe unayesoma, usiingie chini ya gari kwa jeki tupu. Na akikuuliza mtu usiyemwona uso juu ya umpendaye, sema kweli, hata ikikupunguzia.

Jioni ile tulikula mihogo ya nazi na samaki tasi wa kukaanga. Kila Zuhura akiwakumbuka kuku alicheka upya, na mimi natazama mlango, namwomba moyoni apunguze sauti, asije akasikia mwenye makubadhi.