Mafusho ya Makonyo

Miaka ile kabla ya vita vya Hitla, Shaame alikuwa akikoka moto katika kiwanda kidogo nje ya Mkoani, kilichokamua mafuta ya makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu. Makonyo yakishakamuliwa yalitiwa tanurini, maji yakachemka, mvuke ukazungusha mashine, mashine ikatoa umeme. Umeme wenyewe si wa kujivunia: uliwasha taa za kiwandani na za nyumba ya meneja, basi. Moshi ndio uliofika kila nyumba bila kualikwa, ukatua kwenye kanga zilizoanikwa na kwenye vyungu vya watu.

Hakuna aliyelalamika. Ulinukia karafuu, na nani Pemba asiyejua kwamba karafuu hufungua kifua? Shaame ndiye aliyeusifu zaidi. "Wao wakamue mafuta, sisi twapata dawa bure," alisema barazani, wenzake wakacheka.

Vuli ilipoingia, mkewe Mwanapili akashikwa na kikohozi kisichosikia dawa. Siku hizo meneja alikuwa na wageni, anataka taa ziwake sana, na Shaame akawa anajaza tanuri makonyo yaliyolowa, yenye moshi mzito. Akaona bahati imemwangukia. Kila alasiri akamkalisha mkewe kwenye kigoda mbele ya mlango wa tanuri, akamfunika shuka gubigubi kama afukizwavyo mwenye homa.

"Bwana we, unan'kaba," Mwanapili alisema.

"Vuta tu, mke wangu. Ndo kinafunguka hicho."

Hakikufunguka. Ijumaa moja alifunua shuka akamkuta ameinama, midomo imekuwa rangi ya majivu, pumzi hana. Masikini, mwanamke wa watu alivumilia ili mumewe asivunjike moyo!

Matanga yalipoanuliwa Shaame alirudi kazini. Akiwa ameshika koleo, aliokota konyo moja akalitafuna, sijui kwa nini. Halikuwasha ulimi hata kidogo. Lilikuwa kijiti kitupu. Dawa yote ilikwisha kwenda kwenye mapipa ya mafuta, na aliyekuwa akiyapakua makonyo hayo makapi kila siku ya Mungu ni yeye! Alijichukia mpaka akakaa chini.

Jirani yake, Bi Moza, akatokea mlangoni amemshika mkono mama yake mzee anayehema.

"Shaame, n'takaa naye hapa kidogo avute. Si umesifu weye mwenyewe?"

"Usimkalishe, Bi Moza! Humu hamna dawa, mna moshi mtupu. Ndio uliomuua Mwanapili."

Bi Moza alimtazama kwa uchungu. "Mkeo siku zake zilifika. Leo huna wa kumfukiza, ndo unatunyima wenzio?"

Akamzungusha mama yake nyuma ya kiwanda, kule upepo ulikopeleka moshi, akamtandikia jamvi. Shaame alimsikia bibi yule akikohoa ng'ambo ya ukuta. Alitaka kuuzima moto. Giza lilikuwa linaingia, na filimbi ya meneja ikalia: taa zinafifia. Shaame akachota makonyo, akatia tanurini.