Mlango wa Nyuma wa Baa ya Nanga

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya Novemba 1998, saa nane na robo mchana, mbele ya baa kuukuu ambayo haikuwa baa tena. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nikiikodolea macho saa ya baba niliyoivaa mkononi nisije nikatazamana na watu. Ndivyo nilivyo. Watu wakizidi watatu, macho yangu hutafuta saa, viatu, chochote kisichosalimia.

Bibi alisimama ubavuni mwangu na viatu vipya vya kahawia, kanga zake bado zina mikunjo ya sandukuni. Ni mama yake mama, mzaliwa wa hapa hapa Durban, katika wale watu wetu ambao wazee wao waliletwa zamani kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Baba yeye ni wa Tanga. Alikuja kutafuta maisha, akamkuta mama. Siku hiyo baba alikuwa mwenyekiti. Chama chetu cha wanaosema Kiswahili, Watanzania, Wakongo na sisi wa kuzaliwa hapa, kilikuwa kimeipanga ile baa iliyofungwa ili iwe ukumbi wetu wa harusi, matanga na mikutano. Ndiyo kwanza unafunguliwa.

Mlangoni alisimama kinyozi mmoja Mkongo, kavaa tai. Alimpa Bibi mkono kwa heshima zote.

"Karibu sana, mama. Lakini entrée ya wamama iko huku nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Kwa uchochoro, mama. Iko mlango muzuri tu."

"Mlango ule," Bibi akasema, "naujua mimi tangu mama yako hajaota meno."

Kinyozi akacheka, akidhani ni utani. Baba akaja mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu."

"Ni utaratibu tu, mama. Leo tuna wageni. Akina mama wako kule na chakula, mtajisikia huru zaidi." Alisema hayo akitazama viatu. Nimerithi kwake hilo, na siku hiyo nililichukia.

Bibi hakubishana. Aligeuka, akakamata ukuta, akaingia uchochoroni kwenye mapipa ya taka. Mimi nikamfuata, masikio yananiwaka moto.

Mtu asiyemjua Bibi angesema, mlango ni mlango. Sivyo. Bibi alifanya kazi kwenye baa ile miaka na miaka, enzi za makaburu, akiosha glasi za pombe ambayo hajawahi kuionja. Chumba cha mbele kilikuwa cha wanaume Wazungu peke yao. Hata wake zao hawakukanyaga. Bibi alikaa jikoni, kwenye sinki, chini ya kidirisha cha ukutani. Kwenye kidirisha zilipita glasi chafu zikija na glasi safi zikienda. Wateja aliwajua kwa mikono: huyu ana pete, huyu anatetemeka, huyu kidole kimekatika. Sura zao hakuziona.

Na si baa ile tu. Mtaa mzima ule wa karibu na bandari, na baa zake na nyumba za kulala mabaharia, Bibi aliujua kwa mgongo, kwa milango yake ya nyuma. Nikipita naye hunionyesha: "Hapa kwa Kengele, jikoni walikuwa wanamwaga maji bila kuangalia nani anapita. Pale kwa mabaharia nilifua mashuka, kulikuwa na mbwa anachukia watu wa rangi yetu tu." Kwa Kengele sasa ni duka la simu. Kwa mabaharia watu wamekodi vyumba, familia mbili chumba kimoja na pazia katikati. Kuna nyingine iliungua, imebaki ngazi.

Tulipokuwa tunausafisha ukumbi, alikuja mzee mmoja wa Kizungu na kamera. Alikuwa karibu kulia kwa ajili ya baa aliyokunywa ujanani. Akamwomba Bibi asogee kidogo na ndoo yake, asiharibu picha. Bibi akasogea. Eish! Nilitamani ile ndoo imwagike kwenye viatu vyake.

Usafi wenyewe ulituvunja migongo. Pombe ilikuwa imeingia kwenye mbao za sakafu mpaka kwenye moyo wa mti. Akina mama wakasema iwe mara saba, kwa chumvi, ndimu, majivu, na ubani mwisho. Bibi alisugua jikoni tu. Chumba cha mbele alikataa hata kukichungulia.

"Nitakiona nikipita mlango wake," alisema. "Siku ya kufungua naingia kwa mbele kama bwana harusi."

"Na viatu hivyo?" mama akamtania, maana ndala zake zilikuwa zimeisha upande mmoja.

Akanunua viatu.

Kwa hiyo pale jikoni, Jumamosi ile, nilijua ninachokasirikia. Pilau ilipita kwenye kidirisha ikienda, glasi za sharbati zikapita zikirudi. Sauti ya mwanamume ikaita, "Glasi jamani! Akina mama, mmelala?" Wenzangu wakacheka. Bibi akavua viatu vyake vipya visilowe, lakini maji yaliyomwagika sakafuni yakavilowesha. Akaenda kwenye sinki. Sinki lile lile.

"Bibi, acha. Nitaosha mimi."

"Wewe huwezi kasi ya hapa," akasema, na mikono yake ikaanza yenyewe.

Mama akanivuta kanga. "Nyamaza, usiniaibishe."

"Sijasema kitu, mama."

"Uso wako unapiga kelele."

Upande wa pili baba alikuwa anahutubia. Nilimsikia vizuri: bila akina mama zetu ukumbi huu usingekuwepo, akina mama ndio nguzo. Makofi yakalia. Nikainama nichungulie kwenye kidirisha. Niliona mikono tu.

Jioni Bibi alilala kwetu. Nilitaka kumwambia baba neno. Kwetu mtu akikutana na mama mkwe njiani humpisha. Baba mwenyewe hajawahi kuketi mkeka mmoja na Bibi, kwa adabu. Adabu gani basi hii ya kumpisha njiani na kumpeleka kwenye mapipa? Maneno yalikuwepo, nimeyapanga vizuri kabisa. Baba akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo.

Asubuhi ya Jumapili niliamka kabla ya baba. Funguo za ukumbi huwa kwenye msumari nyuma ya mlango wetu. Nikazichukua. Bibi alikuwa ameshaswali, ameketi na tasbihi.

"Vaa viatu, Bibi."

"Bado vimelowa."

"Vaa hivyo hivyo."

Alinitazama, akatazama funguo, akavaa. Tulipanda teksi ya kwanza, tukashuka kwenye roboti, zile taa za barabarani, mtaa mtupu. Nilipita kwanza uchochoroni, nikaufungua mlango wa nyuma na kuuacha wazi. Kisha nikarudi mbele, nikafungua ule mkubwa.

Bibi aliingia kwa mguu wa kulia. Akasimama katikati, akazunguka polepole.

"Kumbe padogo hivi!" akasema. "Na makelele yao yote yale."

Akaenda mpaka kwenye kidirisha, akakiinamia kutoka upande ule wa wateja.

"Toka huku hakionekani kitu," akasema. "Giza tu."

Kisha akavuta kiti, akaketi dirishani, penye jua, miguu ameinyoosha viatu vikauke. Nikaufunga mlango mkubwa kwa ndani.

Baba alikosa funguo kwenye msumari, akafika hana soksi. Alitikisa kitasa, akaniona kupitia kioo cha mlango, akamwona na Bibi nyuma yangu.

"Fungua, mwanangu. Kuna nini? Fungua basi!"

Nilikuwa na maneno yote ya jana. Nilimtazama machoni, si saa, si viatu, nikanyoosha mkono nikamwonyesha uchochoro.