Mumiani Hatoi Soda

Mdogo wangu Sharifu hajui Kiingereza, na hilo halijawahi kumzuia kutafsiri filamu ya Kiingereza. Kikorea hakijui, Kihindi hakijui, na vyote anavitafsiri. Ndiyo kazi yake. Ana kibanda umiza hapa kijijini kwetu, chini kidogo ya msitu wa Magamba, chenye mabenchi ya mabanzi na televisheni moja bapa. Filamu ikianza anapunguza sauti mpaka ibaki kunong'ona, anashika maiki, kisha anawaeleza watu kile wanachokiona. Mara nyingine huwa ndicho kweli wanachokiona.

Mimi ni Fatuma, nesi wa zahanati. Namzidi Sharifu miaka sita, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Alipomaliza darasa la saba alikwenda Tanga kukaa kwa mjomba, akapata kibarua kwenye duka la kukodisha kanda za video, na huko ndiko alikoharibikia. Wenzake walirudi na baiskeli. Yeye alirudi na daftari nene ambalo alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa kujibana, habari za mashetani wa dunia nzima.

Daftari lile nimelisoma. Silisifu, lakini nimelisoma mpaka mwisho. Kila kiumbe wa kwenye filamu Sharifu amemtafutia ndugu yake wa huku kwetu na kuwapambanisha. Maiti anayetembea wa filamu, ameandika, anatafuna watu kutwa na hana shughuli nyingine. Wa kwetu ni msukule: hali mtu, analishwa pumba, na analimishwa shamba la aliyemchukua tangu alfajiri. Hukumu yake ni kwamba wa kwao hana kazi, wa kwetu hana likizo. Mzuka wa kwao anafungua na kufunga milango miaka mia mbili bila kusema anataka nini, ilhali mizimu yetu ikikasirika inataja mbuzi wa rangi gani, anachinjwa, mambo yanakwisha. Mtu anayegeuka mbwamwitu hugeuka bila kupenda, na asubuhi analia kwa majuto. Mchawi wetu anampanda fisi kwa hiari yake na hakuna aliyewahi kumwona akijuta. Wale watu wa msituni wenye masikio ya ncha, warembo kama maharusi, wenye kupiga upinde, hakuwapatia ndugu kabisa. Pembeni yao ameandika, "Uliza Magamba."

Kuna ukurasa mmoja tu ulionifanya nione kwamba mtoto wa mama yangu si mjinga moja kwa moja. Joka la kwao, anasema, linatema moto na kulalia dhahabu ambayo halinunui nayo kitu. La kwetu linakaa kwenye chemchemi, na ukiliua maji yanakauka. Nililifunga daftari pale, nikalimalizia kesho yake.

Ugomvi wetu ulianzia kwa mnyonya damu. Kwenye daftari Sharifu anajua vizuri sana kwamba kuna wawili. Yule wa filamu anaogopa jua, anaogopa kitunguu saumu, haonekani kwenye kioo, na hawezi kuingia nyumbani kwako mpaka umkaribishe. Mumiani wetu hana masharti ya namna hiyo. Anakuja saa nne asubuhi na gari, ana mwajiri, ana hata karatasi yenye mhuri. Marehemu babu yetu alipokuwa kibarua wa chai kule Amani, akisikia tu mlio wa gari asilolijua, alikuwa akitupa kikapu na kuingia kichakani, na mara moja alikaa humo mpaka akakosa chakula cha mchana. Kwa watu wa huku mumiani si hadithi ya kumlazia mtoto.

Sasa, mtu anayejua yote hayo, akiwa na maiki mkononi na midomo ya mwigizaji inakwenda mbio, anahitaji neno moja la haraka. "Mnyonya damu" ni refu. Sharifu akasema "mumiani."

Ilikuwa filamu ya jitu lililovaa koti jeupe na kufanya kazi hospitalini ili liibe damu kwenye friji. Na mdogo wangu ana tabia ya kuzileta filamu zote nyumbani, kwa sababu anasema watu hawawezi kuogopa mji wasioujua. Majambazi wake wote wanatoka kijiji cha Mnazi, kule chini, na kasri lolote lenye ukungu liko Magamba. Basi siku ile akawaambia watu kwamba mumiani huyu amepanda kutoka Lushoto mjini na gari jeupe. Kisha kwenye ukuta wa ile hospitali yakatokea maandishi, na katika maandishi hayo kulikuwa na neno moja la Kiingereza ambalo Sharifu, kwa bahati mbaya, alilijua barabara. "Damu hii," akasema kwa sauti nzito, "anaipeleka benki."

Siku kumi na mbili baadaye, Alhamisi, likapanda gari jeupe kutoka mjini, limejaa watu wa damu salama, wale wanaokusanya damu ya hospitali.

Niseme ukweli, nilikuwa nimelisubiri gari lile kama mtu anavyosubiri mvua. Mwezi wa nne jirani yetu Efrazia alitokwa na damu baada ya kujifungua, na friji ya hospitali haikuwa na chupa hata moja ya kundi lake. Tulimzika Jumapili. Na sasa Janeth, binti wa Mzee Kristian, alikuwa na ujauzito wa mapacha, na uzazi wake wa kwanza nilikuwepo mimi, ninajua ulivyotutoa jasho. Majuma matatu nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaomba watu waje wachangie. Wote waliniitikia vizuri, wengine wakanipa na kabichi.

Alhamisi ile walikuja kweli. Walikuja wakasimama mbali, ng'ambo ya barabara, wakiliangalia gari. Mzee Kristian, aliyepasua mbao maisha yake yote na asiyeogopa mti wa ukubwa wowote, ndiye aliyesogea.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, nesi. Nina swali dogo tu. Hiyo damu ikishatoka kwetu inakwenda wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, dereva wao, kijana mchangamfu asiyejua lolote, akajibu, "Benki, mzee."

Watu wote walirudi nyuma hatua moja kwa pamoja. Kristian alinitazama kwa huzuni, namna unavyomtazama mtoto wa watu aliyeingia kundi baya, akageuka akaenda zake, nao wakamfuata. Mpaka saa nane tulikuwa tumepata chupa mbili, yangu na ya mwalimu mkuu. Kiongozi wa ile timu, mama mmoja mpole, akaniambia Jumamosi watapita tena na wanaweza kutupa nusu siku, iwapo nitamwahidi watu ishirini. Nikamwahidi. Hasira ilinifanya niahidi.

Nikaenda moja kwa moja kibandani. Sharifu alikuwa akifuta vumbi kwenye spika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Janeth akitokwa na damu kama Efrazia, wewe ndiye utakayekwenda kumtafsiria baba yake."

Aliweka kitambaa chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, maana ni mbishi, lakini habari zilikuwa zimeshamfikia na uso wake ulikuwa umesawijika.

"Nitafanyaje, dada? Ile filamu imekwisha. Haina sehemu ya pili."

"Itakuwa nayo."

"Nitaitoa wapi?"

"Pale ulipoitoa ya kwanza."

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, walikuta ubao mlangoni umeandikwa kwa chaki: MUMIANI SEHEMU YA PILI, BURE. Neno "bure" halijawahi kushindwa kitu hapa kijijini. Waislamu wakajaa, Walutheri wakajaa, Mzee Kristian akasimama mlangoni mikono nyuma kama mkaguzi. Filamu yenyewe ilikuwa ya Kikorea, ya kifalme, watu wamevaa majoho ya hariri, na kadiri nilivyoweza kuelewa ilihusu mapishi.

"Mbona mumiani wa juzi alikuwa Mzungu?" Kristian akauliza mapema kabisa. "Huyu siye."

"Amehamishwa kituo, mzee," Sharifu akajibu kwenye maiki.

Watu wakaguna kwa kuelewa. Hapa kwetu walimu wanahamishwa, mabwana shamba wanahamishwa, hata mimi nimehamishwa mara mbili, kwa hiyo hoja ikapita. Malkia, Sharifu akaendelea, amejifungua na anatokwa na damu, na mfalme anazunguka nchi nzima kumtafutia. Wamekuja wawili, mmoja mumiani na mwingine mganga wa kweli, wote wana koti na wote wana sindano. Mfalme atawajuaje? Pale mpishi mmoja alipomimina supu kwenye bakuli, Sharifu akapandisha sauti.

"Tazameni hapo. Mnaona anamimina nini? Soda. Mumiani wa kweli haombi, anachukua. Hapimi uzito wako. Hakwambii rudi nyumbani mama, damu yako ni chache, kale mchicha. Na hatoi soda. Nimewasoma mashetani wa dunia nzima, wa kwao na wa kwetu, wa kuruka na wa kutambaa, na sijaona hata mmoja aliyewahi kumpa mtu soda na biskuti."

Kibanda kilicheka mpaka mabanzi yakalia. Mzee Kristian hakucheka.

"Mgosi," akamwita Sharifu, kama wanaume wa huku wanavyoitana, "na wewe mwenyewe utatoa?"

Wakorea wakaendelea kuinamiana kwenye kioo bila mtu wa kuwasemea. Sharifu akashusha maiki.

"Kesho," akasema. "Wa kwanza."

Baadaye nilimkuta nyuma ya kibanda amekaa juu ya ndoo. Nilikwenda kumpongeza, jambo ambalo silifanyi mara nyingi.

"Dada, mimi naogopa."

"Sindano?"

"Mumiani."

"Si umewaambia watu wote kwamba hayupo?"

"Nimesema hatoi soda. Sijasema hayupo."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Mtu mzima wa miaka arobaini, ana mke, ana watoto, na macho yake yalikuwa yale yale ya utotoni, alipokuwa akining'ang'ania kanga babu akisimulia. Nilimpenda sana saa ile. Sikumwambia, angeharibika zaidi.

Jumamosi alikuja na spika na maiki. Nilimwambia haviruhusiwi, akaniambia bila maiki hatapanda kitanda kile, na yule mama mpole akasema mwacheni. Basi Sharifu akalala, mkono mmoja amempa muuguzi na mwingine ameshika maiki, na akaitafsiri damu yake mwenyewe kwa kijiji kizima.

"Sasa wanamfunga mpira, ndugu watazamaji. Mhusika mkuu haogopi. Sindano inakaribia, ni kubwa kidogo kuliko alivyoambiwa na dada yake. Imeingia. Mhusika mkuu bado yupo. Damu inakwenda, mfuko unajaa. Mhusika mkuu anaanza kuona mambo madogomadogo..."

Maiki ikaanguka. Ng'ambo ya barabara watu wote wakanyoosha shingo. Tulimwinua miguu, nikampiga makofi mawili mashavuni, moja la matibabu na moja la yale ya benki. Alipofumbua macho nilimshikisha soda. Aliitazama kwa muda mrefu, akainywa yote bila kupumua, kisha akaokota maiki na kucheua ndani yake. Ndipo mtu wa kwanza akavuka barabara.

Tulipata chupa ishirini na sita. Ya Mzee Kristian haikuwemo. Alisimama mpaka mwisho, mikono kwenye mifuko ya koti, akaenda nyumbani.

Siku ya tisa Janeth alishikwa na uchungu. Mapacha walitoka salama wote wawili, wa kike, na baada yao damu ikaanza vile vile nilivyoogopa. Tulimkimbiza mjini. Sikumbuki barabara ile, nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimemshika mkono na vidole vyake vilikuwa vya baridi. Hospitali walifungua friji ile ile, na safari hii chupa zilikuwemo. Alipewa tatu. Damu haiandikwi jina la kijiji, siwezi kuapa kwamba ilikuwa ya kwetu, lakini Janeth aliishi.

Mzee Kristian alikaa nami kwenye kibaraza cha wodi asubuhi yote. Kupitia dirishani tulikuwa tukiona mfuko umening'inia, unapungua polepole.

"Ile imetoka wapi?" akaniuliza.

"Benki, mzee."

Alivua kofia yake akaipakata.

Mwezi uliofuata watu walimwomba Sharifu arudie filamu ya kwanza, ya yule Mzungu mwenye koti jeupe, na Mzee Kristian akaja akakaa benchi la mbele kabisa. Filamu ilipofika mwisho, kijana shujaa akamkaba mumiani ukutani, akainua kijiti kilichochongwa ncha.

"Mgosi," Kristian akasema taratibu, bila kugeuka, "usimuue huyo."

Kijiti kikashuka. Jitu likapasuka kifua, likateketea, likawa majivu sakafuni, na upepo ukayapeperusha. Sharifu akayatazama majivu, akamtazama mzee, akasogeza maiki mdomoni.

"Hapo, ndugu watazamaji, mumiani amemaliza zamu yake," akasema. "Anakwenda nyumbani kupumzika."

Kibanda kizima kiliyaona yale majivu, na hakuna aliyebisha.