Chifu wa Ndani ya Santuri

Kaka yangu Sedekia, fundi seremala wa Mafinga, alizaliwa na wivu kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha sita. Mama alituambia kwamba akiwa mchanga, akiona mbuzi ananyonyesha mwanawe, naye hukataa ziwa siku nzima kwa hasira. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini naamini, maana nilimwona akiwa mtu mzima, na ndevu zake, amemnunia jogoo wa jirani kwa kuwika vizuri kuliko wa kwake.

Mikono yake sasa, hapo msiniulize. Alikuwa akipiga randa ubao mpaka nzi akitua anateleza na kuvunjika mguu. Kwa ajili ya mikono hiyo aliitwa na mzungu mmoja wa mashamba ya chai kule Mufindi, aliyekuwa anafungasha arudi kwao. Sedekia akamtengenezea masanduku ya safari. Vikaingia vyombo, vikaingia vitabu, likaingia hata beseni la kuogea. Mwisho ikabaki gramafoni, ile ya kuzungusha hendeli, na santuri zake. Mzungu akaitazama, akatazama lori lilivyofurika, akamwambia kaka, "Chukua."

Santuri zenyewe hazikuwa za dansi. Zilikuwa za wale Wazungu wa zamani wanaokaa kundi zima na fidla na matarumbeta, haimbi mtu, na hujui watamaliza lini. Wengi pale Mafinga walizikimbia. Kaka yangu alizipenda kuliko chakula, na moja aliipenda kuliko zote. Ilianza taratibu, fidla nzito zenye sauti za kiume zikiburuta miguu, na ngoma ikiitikia kutoka mbali.

"Huyu ni chifu, anazikwa," Sedekia akasema siku ya kwanza, na hapo hapo tukaipa jina: Maziko ya Chifu.

Hata mke alimpata kwa santuri hiyo. Tusekile alikuja kutoka Tukuyu kumwona shangazi yake, wakapita karakana kuagiza kitanda. Sedekia alipomwona msichana, akasahau futi na penseli, akakimbilia hendeli. Ilipofika pale ambapo wapigaji wengine wote wananyamaza na zumari moja inabaki peke yake, Tusekile akadondosha chozi. Chozi lile lilianguka kwenye vumbi la mbao likaotesha msonobari. Mnacheka? Msonobari upo, nimeuegemea mimi mwenyewe. Kitanda kilitengenezwa, ila kwa shangazi hakikufika.

Basi kila Jumapili baada ya ibada tulikusanyika barazani kwa Sedekia. Nilikuwepo mimi, wifi yangu Tusekile, majirani wawili watatu, na Mwalimu Asukile wa kwaya, ambaye yeye ndiye aliyejua kusoma maandishi ya santuri. Tulisikiliza, kisha tukabishana.

"Mpiga kinanda huyu ana haraka," Asukile anasema, "kama ameacha chungu motoni."

"Si haraka, mwalimu, hiyo ni mvua," Sedekia anajibu. "Husikii inavyopiga bati?"

Tulibishana mpaka ugali unapoa. Lakini yakiwekwa Maziko, kimya. Wachina waliokuwa wanajenga reli kule Makambako nao walikuwa wanaweka nyundo chini, heshima kwa marehemu. Sedekia hapo haangalii gramafoni, anaangalia jicho la mkewe. Chozi likishuka, ameshiba mpaka Jumapili nyingine.

Ndipo akaja Timotheo.

Timotheo alikuwa dereva wa lori la mbao, Mafinga na Mbeya, Mbeya na Mafinga, akahamia nyumba ya ng'ambo ya barabara na mkewe Yudith. Mwanamume wa meno meupe na viatu vyenye mng'aro. Siku moja akarudi kutoka Mbeya na gramafoni ya betri, nyekundu kama pilipili, haina hendeli wala jasho. Na katika santuri alizonunua, mojawapo ilikuwa na jina lile lile lililoandikwa kwenye santuri ya kaka yangu. Akatualika.

Tukaenda tukiwa na nyuso za msibani. Timotheo akaweka sindano. Nawaambia, hakuzikwa mtu! Fidla zilitoka mbio, nyembamba, za kike, ngoma ikazifuata ikirukaruka, na zumari yetu ya huzuni ikapita ikipiga vigelegele. Miguu yangu ilisimama kucheza mimi nikiwa bado nimekaa.

Tusekile akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, akapiga na makofi. "Rudia, shemeji! Hii ni harusi kabisa!"

Nikamtazama kaka. Uso ulikuwa umegeuka rangi ya gundi.

"Hawa wamelewa," akasema. "Wimbo ni wangu, ila wapigaji wamelewa."

"Wa kwako ndio wamezeeka, kaka," Timotheo akamjibu kwa upole wenye miiba. "Wa kwangu vijana."

Ukawa ubishi. Asukile akachukua santuri zote mbili akazisogeza machoni. Jina la wimbo lilikuwa moja, lakini majina ya wapigaji kwenye ile ya Sedekia yalikuwa yamefunikwa na doa la gundi ya mbao. Basi akaamua kama hakimu: "Wimbo mmoja, makundi mawili. Wale wanauelewa kama msiba, hawa kama sherehe." Tukakubali wote. Nani angekataa neno la mwalimu?

Kuanzia hapo Jumapili zikavuka barabara. Kwanza majirani, halafu Asukile, halafu mimi, maana kwa Yudith kulikuwa na maandazi. Mwisho Tusekile naye akaanza kujipaka mafuta baada ya ibada.

"Unakwenda wapi?" Sedekia anamuuliza.

"Kusikiliza."

"Na hapa hakuna cha kusikiliza?"

"Hapa nimelia miaka, baba. Niache nicheke kidogo."

Yeye akabaki karakana anagonga misumari Jumapili, mpaka mchungaji akamtumia ujumbe. Alibadilisha bawaba za mlango wa mbele akaweka zinazolia, ajue mkewe anatoka na kurudi saa ngapi. Mlango ulilia kama fisi mwenye jino bovu. Mtaa mzima tukawa tunajua Tusekile katoka. Siku moja akanishika mkono.

"Dada, niambie kweli. Anakwenda kwa santuri au kwa Timotheo?"

Mimi nami sijui kukaa kimya. "Anaanza na santuri," nikamwambia, "halafu anatazama meno."

Nilitania tu. Lakini mtu mwenye wivu huwezi kumtania, ni kama kumwagia mafuta ya taa mtu aliyekaa karibu na moto. Alikonda. Mkanda wa suruali ulimzunguka mpaka ncha ikamfikia mgongoni. Na katika kukonda huko akapata wazo moja: Timotheo mwenyewe si kitu, kinachomchekesha Tusekile ni wale wapigaji vijana. Akiwaleta vijana barazani kwake, kicheko kitakuja nyumbani.

Bahati ikampa nafasi. Timotheo alikuwa amemwagiza rafu ya kupangia santuri zake. Sedekia akaipeleka siku ambayo lori lilikuwa Mbeya. Yudith akaenda jikoni kumchemshia chai, na chai ilipofika, kazi ilikuwa imekwisha: vijana wa Timotheo wako ndani ya koti la kaka yangu, wazee wa kaka yangu wamelala kwenye rafu mpya ya Timotheo. Nilimwona akivuka barabara, kifua kimenyooka kama amemeza ubao. Nikamsalimu, "Kamwene, kaka," akaitikia kwa kope tu.

Jumapili akatuita wote. Akachinja kuku, tena jogoo wake. Akamkalisha Tusekile mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto.

"Leo," akasema, "hakuna haja ya kuvuka barabara."

Akazungusha hendeli kwa nguvu zake zote, akaweka sindano, akaanza kutabasamu kabla ya muziki.

Chifu akaanza kuzikwa.

Fidla zile zile nzito, mwendo ule ule wa kuburuta. Sedekia akashtuka, akasimamisha, akaitoa santuri akaikagua: haina doa, ni ile ile ya Timotheo. Akairudisha, akazungusha hendeli mpaka jasho likachirizika kwenye santuri. Chifu hakuharakishwa. Majirani wakaanza kukohoa. Asukile akainamisha sikio karibu na gramafoni, uso umekunjamana.

Hapo akaingia Timotheo, vumbi la safari bado begani, ameshika santuri nyingine mkononi.

"Kamweneni, jamani. Nimefika sasa hivi, nimepiga santuri yangu, imecheza harusi vizuri kama kawaida. Ila naona nilipokuwa Mbeya imeota gundi."

Akatuonyesha doa. Akasikiliza kidogo kilichokuwa kinalia pale barazani, halafu akacheka kwa huzuni.

"Fundi, umeiba harusi yangu ukaenda kuizika."

Ardhi ilijaribu kupasuka immeze kaka yangu, nikaisikia ikijaribu. Asukile ndiye aliyemwokoa, kama ni kuokoa. "Jamani, nimewadanganya miezi yote hii. Hakuna wazee, hakuna vijana. Santuri ni sawasawa. Ni springi ya gramafoni hii, imechoka, inazungusha taratibu. Fundi saa wa Iringa anaweza kuitia nyingine."

Sedekia akainua kichwa. Aibu ilikuwa bado usoni, lakini tumaini lilikuwa limeshaipita mbio. Akamrudishia Timotheo santuri yake kwa mikono miwili, akaomba radhi mbele yetu sote, halafu akamgeukia mkewe. "Umesikia? Springi tu! Kesho naamkia Iringa. Utacheka hapa hapa kwako."

"Ukiigusa springi hiyo," Tusekile akasema, "mimi naamkia Tukuyu."

"Lakini kwa Timotheo unacheka!"

"Kwa shemeji nacheka kama watu wote. Hapa nina mtu wangu ninayemlilia."

Majirani walioanza kuaga wakakaa tena. Kaka yangu sauti ilimtoka kama uzi. "Mtu gani?"

"Chifu."

"Chifu yupi?"

"Si huyo uliyenionyesha siku ile ya kitanda? Mrefu, mpole. Hakuwahi kumwekea mkewe mlango unaolia."

Timotheo alishuka barabarani akacheka huko. Asukile alijifanya anatafuta kofia. Sedekia alikaa chini akawaza, na nilimwona anavyowaza, mpaka masikio yakawa mekundu. Mwanamume aliyemtunga kwa kinywa chake mwenyewe, tena maiti, kamkalia nyumbani kwake miaka yote hiyo analiliwa kila Jumapili!

Springi haikwenda Iringa. Jumapili zikarudi barazani kwetu, na Timotheo akivuka barabara na mkewe na maandazi. Ila Maziko hatukuyasikia tena kwa raha, maana zumari ikibaki peke yake, na chozi la Tusekile likichungulia, kaka yangu hawezi kujizuia.

"Alikuwa na goita shingoni, chifu huyo."

"Ndogo," Tusekile anajibu, bila kufumbua macho. "Ilimpendeza."

"Na kengeza."

"Alikuwa ananitazama mimi."

"Alikuwa mchoyo! Hakuwahi kumpa mtu hata kibuyu!"

"Sedekia, tafadhali," Asukile anamsihi, "muziki."

Kaka yangu anainua sindano kabla chifu hajafika kaburini, na Tusekile anaunyoosha mkono taratibu, anairudisha pale pale.