Kompyuta ililainisha mwendo wa marehemu mke wangu, nikaukataa

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu kama mpo humu, shikamooni. Haya nimeyaona mwenyewe, anayetaka porojo apite.

Mwaka 1962, nikiwa na miaka kumi na nne, baba alifariki na shule ikaishia darasa la nne. Nimebeba chokaa, nimepasua mbao. 1969 nikapata kazi ya kuendesha projekta kwenye gari la sinema ya bure.

Mwaka ule mtaalamu wa korosho aliwapiga filamu wanawake wakiwa shambani Kerege. Mke wangu Mwanahawa alikuwemo, anapita na pakacha kichwani. Ili mkanda usiishe haraka, mtaalamu alipunguza idadi ya picha kwa kila sekunde. Ngapi, hakusema.

Kuionyesha Dunda, nikaiendesha kwa picha ishirini na nne kwa sekunde, spidi ya filamu zenye sauti. Mwanahawa akaonekana anakurupuka kama kuku.

"Bakari, mkeo kafukuzwa na nyuki!" mmoja akanipigia kelele.

Uwanja mzima kicheko. Mwenyewe kajifunika kanga: "Ndivyo ninavyotembea mimi?"

Nikazungusha kitufe cha spidi, kisicho na namba, nikapunguza taratibu. Akatokea yeye kabisa, na ule mguu wa kushoto unaosita kidogo kabla ya kukanyaga.

Mjue, filamu ni picha zilizosimama tu. Mwendo unautengeneza wewe kichwani, ubongo unaziba mapengo.

1973 homa ikamchukua, akaniachia binti mmoja. Mkanda nilipewa, ila projekta haikuwa yangu. Miaka zaidi ya arobaini sijamwona akitembea.

Juzi juzi mjukuu wetu Zuhura akautia kwenye kompyuta, akaiunganisha na TV.

"Babu, nimekuwekea fremu, yaani picha, sitini kwa sekunde. Laini kabisa."

Kumbe kompyuta imebuni picha za katikati. Nikaona mwanamke anateleza kama kakanyaga mafuta. Mguu hausiti.

"Huyu simjui. Toa ulichoongeza."

Akatoa. Sasa spidi ipi? Nikasimama mbele ya TV, nikatembea naye kama tulivyokuwa tukirudi shamba. Zuhura anapunguza, anapunguza, mpaka hatua zetu zikaenda pamoja.

Kumi na saba.

Nikakaa chini. Zuhura akazima taa akatoka.

Funzo langu: picha nyingi si ukweli zaidi. Mkanda wa marehemu urekebishwe wakati aliyetembea naye angali hai.

Aliyewahi kufanya hivi aseme alijuaje spidi. Wa kubisha naye abishe, nipo.

Leo nina nyumba mbili Dunda, ekari sita za mikorosho Kerege, mashine ya kusaga Msata, na sekunde arobaini za Mwanahawa.