Kwenda Namanyere Kuulizia Uraia wa Poland

Sababu ya safari yangu ilikuwa kipande cha sabuni. Shemeji yangu Danuta, mke wa kaka yangu Deogratias, alikuwa amemtumia mama kipande hicho kama zawadi ya Pasaka. Kilikuwa cheupe, kinanukia maua, na juu yake pana maandishi ambayo hata katekista wetu hakuweza kuyasoma. Ilikuwa miaka ile ya kufunga mikanda. Vita vilikuwa vimekwisha, na sukari ilikuwa imekwisha pamoja navyo. Kijijini kwetu Kaengesa sote tulikuwa tunafulia majivu. Mama hakuogea sabuni ile hata siku moja. Aliiweka katika sanduku la nguo za kanisani, na majirani wakawa wanakuja kuinusa.

Kaka Deo alisomea udaktari wa mifugo huko Poland, akarudi na mke wa huko, wakapangiwa kazi Namanyere. Tangu wafike, baba alikuwa hajakwenda kumjulia hali mkwewe. Alisema barabara ni mbaya. Lakini alipoinusa sabuni, alituita wote uani.

"Ile ni nchi ya Wakatoliki watupu," alisema, "na serikali yake ni ya kijamaa. Maana yake mbinguni umeshafika, na duniani hulali njaa. Sisi ni ndugu wa mume. Kwa nini tusipate uraia wao? Gaudensi, wewe seremala kazi zako zinaweza kungoja. Nenda kaulize faida zake, moja moja, uje utuambie."

Ningecheka, kama si mdogo wetu Adela. Mwalimu Festo, kijana wa Mbeya aliyekuwa akifundisha shule yetu ya msingi, alikuwa ameshaleta mshenga. Baba akamjibu mshenga kwamba posa isubiri, maana hawezi kumwoza binti kwa mwalimu wa Mbeya leo, halafu kesho yake ukoo mzima tumekuwa Wapoland. Adela alikuwa akilia jikoni na kusingizia moshi. Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza hadi barabarani.

"Kaka, ukikuta uraia unapatikana, mimi niache."

"Nimwambie baba nini?"

"Mwambie umejaa."

Kabla ya kupanda gari ilinibidi nipite kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa kuwa siku hizo mtu aliyeonekana njiani bila barua ya ruhusa alihesabiwa mzururaji. Mwenyekiti alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akafikiri sana.

"Poland ni nchi rafiki," alisema. "Kwa hiyo hapo huhami nchi. Unatoka kijiji kimoja cha ujamaa kwenda kingine. Sioni kosa." Aligonga mhuri, kisha akanivuta kando. "Uliza pia kama wana nafasi ya mwenyekiti."

Hadi Sumbawanga nilipanda lori la mahindi, nikiwa nimekaa juu ya magunia pamoja na kuku wa watu. Nililala mtaa wa Izia kwa shangazi yangu. Yeye alikuwa mtu wa mjini na habari za dunia alizijua. Alinihakikishia kwamba Poland hakuna anayelima kwa jembe la mkono, na kwamba mvua yao hunyesha usiku tu ili isisumbue watu kazini. Nilimuuliza nani kamwambia. Akasema mambo mengine mtu mzima anayajua tu.

Kesho yake, tulipokaribia Chala, lori la pili lilizama kwenye tope la kijito ambacho hata kiangazi hakikauki. Tulishuka wote kusukuma. Dereva, mtu mzima wa Mbeya mwenye kofia ya sufu, aliniuliza ninakwenda kwa nani. Nilipomweleza, kila aliyekuwa anasukuma alikuwa na la kusema. Mmoja alisema raia wa Poland hatozwi ushuru wa ng'ombe. Mama mmoja aliyebeba ulezi alisema mtoto wao akizaliwa hupewa viatu na serikali, tena pea ya pili hufika miguu ikikua. Dereva akatusikiliza hadi mwisho.

"Na magari yao yakizama nani anayasukuma?" aliuliza.

"Raia," nilijibu.

"Basi sukumeni. Mmeshaanza mafunzo."

Jua lilikuwa linateremka nilipofika Namanyere. Nyumbani kwa kaka sikumkuta mtu. Jirani aliniambia Deo yuko mwambao wa ziwa anachanja ng'ombe, na mkewe yuko duka la ushirika. Nilimwona kwa mbali. Alikuwa mwanamke mrefu aliyefunga khanga kiunoni kama wenzake, kasimama katika foleni ya watu wachache na mawe mengi. Wenye mawe walikuwa wameyaacha yawashikie nafasi, wao wamekwenda shambani.

"Shemeji Gaudensi!" aliita. "Habari za Kaengesa? Mama mkwe hajambo?"

Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kimekolea lafudhi ya Kifipa ya majirani zake. Nilimpa salamu zote, halafu, kwa kuwa nimetumwa, nikasema nilichotumwa.

"Shemeji, baba anauliza faida za uraia wa kwenu."

Alicheka hadi foleni ikageuka.

"Faida zipo. Kwanza unapewa kadi. Kadi ya nyama, kadi ya sukari, kadi ya sabuni."

"Bure?"

"Kadi ni bure. Nyama ndiyo haipo."

"Sasa kadi ni ya nini?"

"Ya kuthibitisha kwamba nyama ambayo haipo ni yako."

Mzee mmoja nyuma yetu alitikisa kichwa kwa heshima. Alisema huo ni mpango mzuri, kwa kuwa hapa kwetu nyama ambayo haipo haijulikani ni ya nani.

"Na ya pili?" niliuliza.

"Ya pili ni haki ya kusimama kwenye foleni. Kwetu jiwe halikubaliwi. Unasimama mwenyewe, kwenye baridi inayogandisha maziwa ndani ya ndoo. Siku nilipofika hapa nikaona mawe yanapanga foleni na watu wanalima, nikamwambia Deo, nchi yenu imeendelea."

Mwenye duka alitoka wakati huo akatangaza kwamba gari la sukari limeharibika njiani, ila imekuja rangi ya viatu. Foleni ilinung'unika, kisha ikasogea. Watu wengi walikuwa pekupeku, lakini kila mmoja alichukua kopo lake. Danuta naye alichukua.

"Utaipaka nini?" nilimuuliza.

"Sijui. Lakini ukitoka kwenye foleni mikono mitupu, kesho huwi na moyo wa kurudi."

Nyumbani alinipikia ugali wa ulezi na maharage, na nikiri kwamba ugali wake ulikuwa umeiva kuliko wa shangazi. Nilipomsifia sabuni, na kumweleza jinsi mama anavyoificha sandukuni, aliacha kupakua. Aliweka mwiko chini.

"Ile sabuni mama yangu aliisimamia foleni," alisema. "Mzee wa miaka yake, tangu alfajiri, majira ya baridi. Alipata vipande viwili akanitumia vyote. Kimoja nikampa mama mkwe, kwa sababu mama wote wawili ni wangu."

"Nitakapofika nitamwambia. Na yeye hajambo?"

"Alifariki masika. Simu ya maandishi ilinifikia akiwa ameshazikwa. Na hata kama ingewahi, shemeji? Uraia wangu unaniruhusu kuingia Poland. Haunitoi Namanyere wakati barabara imekatika."

Nilimpa pole, ikawa kama nimetupa kokoto ziwani. Nikauliza jina la marehemu, akanitajia, na mwisho nikauliza kwa nini hatukupewa habari.

"Deo alitaka kuja kuwaambia. Mimi ndiye niliyemkataza. Utampelekeaje msiba mtu ambaye hajawahi kukujulia hali?"

Asubuhi nilipanda lori la kurudi. Abiria waliniuliza nakwenda wapi, nikasema kwetu, inatosha.

Kaengesa nilimkuta baba uani, mwenyekiti amekaa naye, wote wawili wana chungu cha pombe ya ulezi mbele yao. Nilieleza habari za kadi, za baridi na za rangi ya viatu. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kukata tamaa.

"Basi hakuna haja ya kuhama," alisema. "Foleni tunayo hapa hapa."

Kisha nikaeleza habari ya mama yake Danuta. Baba aliweka chini mrija wa pombe.

"Masika?" aliuliza. "Mkwe wangu kafiwa tangu masika, na sisi tumekaa hapa tunanusa sabuni?"

Hakuugusa tena mrija mpaka mwenyekiti akaaga. Ndipo akamwita Adela, akamwambia ampelekee mwalimu Festo habari kwamba mshenga wake aje wiki ijayo, baba akisharudi kutoka Namanyere. Adela alikimbia bila kuvaa kandambili.

Nilichojifunza katika safari ile ni kidogo. Faida za uraia wa Poland nilizipata zote kama nilivyotumwa, na hakuna hata moja ambayo Ufipa hatukuwa nayo. Shemeji yangu alikosa watu wa kukaa naye matanga, na hao hawatolewi na serikali yoyote. Walikuwa ni sisi.

Siku mbili baadaye tulipanda lori, baba, mama na mimi, na debe la unga wa ulezi na jogoo kama desturi ya msiba inavyotaka. Chala baba alishuka kusukuma pamoja na vijana, hakulalamikia barabara. Tulipofika Namanyere, Danuta alitoka mlangoni akapiga goti, akasema, "Shikamoo baba." Baba hakuitikia. Alivua kofia, akaketi chini kwenye vumbi la uwanja wake, akaniuliza kwa sauti ndogo jina la marehemu. Nilimwambia. Aliniuliza tena, kwa kuwa lilikuwa jina gumu. Kisha akainua uso na kumlilia mama yule kwa jina lake, kwa sauti kubwa, kama tunavyoliliana Wafipa, mpaka majirani wakatoka majumbani mwao wakaja kukaa naye chini.